Nyumba mbili za wazee, bei mbili: mama yetu tumpeleke wapi?

Mpendwa Mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni binti mkubwa katika familia ya watoto watatu, nina umri wa miaka 52, naishi Tudor na nimeajiriwa katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Mama yetu ana miaka 79. Mwaka jana alipatwa na kiharusi kilichompooza upande wa kushoto, na tangu hapo hawezi kujigeuza kitandani bila kusaidiwa, anatumia nepi, na akinywa maji kwa haraka hupaliwa. Mchana akili yake imetulia, lakini usiku huchanganyikiwa, huwaita watu waliokwisha kufariki na kutaka kushuka kitandani. Kwake ni Kibokoni, ghorofani, kwenye ngazi ambazo hata mzima huzipanda kwa taabu, kwa hiyo tulimleta kwangu. Dada wa kazi aliyekuwa akinisaidia ameondoka, nami nalala chumbani mwa mama na asubuhi naingia kazini nikiwa sijafumba jicho.

Nimezuru nyumba mbili za kutunzia wazee. Ya kwanza iko Bamburi na inatoza Sh48,000 kwa mwezi, yaani malazi katika chumba cha watu wawili, chakula na kufuliwa nguo. Jengo ni jipya, la ghorofa mbili, lina bustani na vigae vinavyong'aa, na linakaliwa na wazee 14. Nilipouliza habari za usiku, niliambiwa kuna mhudumu mmoja. Ya pili iko Mtwapa na inatoza Sh95,000 kwa chumba cha peke yake, pamoja na nepi na mazoezi ya viungo, na muuguzi huwapo mchana na usiku. Hiyo ni nyumba ya zamani, rangi imebanduka ukutani. Kwangu mimi, nepi ni nne kwa siku na pakiti ya kumi hununua Sh1,000, dawa ni Sh6,500 kwa mwezi, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo huja mara mbili kwa wiki kwa Sh1,500 kila anapokuja.

Ndugu yangu aliye Doha anaweza kutuma Sh40,000 kila mwezi, mimi natoa Sh30,000, na ndugu yetu wa Likoni Sh10,000. Huyu wa Likoni anashangaa kwa nini tulipe maradufu kwa nyumba iliyochakaa, na pia amesikia kwamba Nairobi kuna nyumba za kanisa zinazochukua wazee bila malipo. Mama mkubwa amesema tukimpeleka popote tutakuwa tumemtupa, na akatusomea aya. Mama mwenyewe nilipomwuliza alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza ni nani atakayemwogesha huko. Sikuwa na jibu. Naomba unieleze namna ya kuzilinganisha nyumba hizi, na kama tunalofikiria ni dhambi.

Binti Mkubwa, Tudor

Waaleikum salaam, dada yangu.

Mama yako ameuliza swali zuri kuliko yote yaliyomo katika barua hii, na ningependa ulifanye kuwa kipimo chako. Hakuuliza habari za bustani wala vigae. Ameuliza ni mikono ya nani itakayomgusa, na kwa mtu asiyeweza kujigeuza, ubora wa nyumba ya wazee hauna maana nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo: mikono ni mingapi, imefunzwa vipi, na ipo saa ngapi. Mchana karibu kila nyumba huwa na watu wa kutosha, kwa kuwa mpishi yupo, mfuaji yupo, meneja yupo na wageni wanapita. Kwa hiyo nitakushauri uzilinganishe nyumba hizi mbili kwa usiku wake.

Hebu tuhesabu usiku mmoja wa Bamburi. Mtu aliyepooza na asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, ili uzito wa mwili usikandamize mahali pamoja mpaka damu ishindwe kupita na ngozi ianze kufa. Tuseme kati ya wazee 14, watano wana hali kama ya mama yako. Kumgeuza mmoja, kumkagua, kumbadilisha nepi akiwa amelowa na kumpangusa ni kazi ya robo saa kwa mtu mwenye haraka. Hao watano peke yao wamekwisha kula saa moja na robo katika kila saa mbili, na hapo hatujamtaja mzee mwenye kisukari anayetaka kwenda msalani, wala mama yako anayetaka kushuka kitandani kwa sababu ameitwa na marehemu. Mhudumu akiwa juu, chini hakuna mtu. Si kwamba mhudumu huyo ni mvivu au hana huruma. Amepewa kazi isiyowezekana, na kazi isiyowezekana hufanywa nusu, tena nusu inayoachwa ni ile ambayo mgeni wa mchana haioni.

Matokeo yake huonekana baada ya wiki chache, kwenye visigino, kwenye nyonga na sehemu ya chini ya mgongo. Dalili ya kwanza ya kidonda cha kulalia ni alama ambayo haififii ukiibonyeza kwa kidole. Kwa watu wa rangi yetu wekundu huenda usionekane, kwa hiyo ipapase ngozi na uangalie kama mahali hapo pana joto au ugumu kuliko pengine. Kidonda kikishafunguka huweza kuchukua miezi mingi kupona, na kila siku kinahitaji kusafishwa na kufungwa upya, gharama ambayo haimo katika zile Sh48,000.

Na hata bila kidonda, Sh48,000 siyo bei yake. Kwa hesabu zako mwenyewe, nepi nne kwa siku ni pakiti 12 kwa mwezi, yaani Sh12,000. Mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki ni Sh12,000 nyingine, na dawa ni Sh6,500. Bamburi inafika Sh78,500. Mtwapa, ambako nepi na mazoezi yamo ndani, unaongeza dawa tu, inakuwa Sh101,500. Mweleze ndugu yako wa Likoni kwamba tofauti anayoishangaa siyo Sh47,000, bali ni Sh23,000, na kwamba kwa fedha hizo mnanunua muuguzi aliye macho saa nane za usiku. Bado ziulize nyumba zote mbili maswali ambayo mara nyingi hujibiwa baada ya amana kulipwa: ni nani atakayeandamana na mama siku za kliniki, na usafiri na siku ya mhudumu huyo vinalipwa na nani, amana ni kiasi gani na inarejeshwa lini, akilazwa hospitalini wiki tatu mnaendelea kulipa kitanda chake au la, bei hupandishwa kwa taarifa ya muda gani. Majibu yaandikwe katika mkataba. Msitegemee bima hapo: SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, inahusu matibabu, haiwalipii malazi ya nyumba ya wazee, ingawa ni lazima mama awe amesajiliwa na michango yake imelipwa kwa ajili ya siku atakayohitaji hospitali. Kama bado hajaandikishwa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha kila mwezi, ana haki ya kuomba kwa kuwa amepita miaka 70, lakini Sh2,000 kwa mwezi hazitanunua hata nusu ya pakiti zenu za nepi.

Sasa rudi kwenye nyumba hizo, na safari hii nenda saa ya chakula cha mchana bila kutoa taarifa. Usikae ofisini. Omba ukae mahali wanapolia chakula na uangalie mzee aliyepooza analishwaje. Kupaliwa kwa mama yako si jambo dogo, kwa maana baada ya kiharusi misuli ya kumezea huweza kudhoofika, chakula na maji yakaingia njia ya hewa, na nimonia inayotokana na hilo huua. Mtu kama yeye hulishwa akiwa ameketi wima, kijiko kidogo, bila haraka, na huachwa ameketi kwa muda wa nusu saa hivi baada ya kumaliza. Ukiona mhudumu amesimama, anasukuma kijiko huku anazungumza na mwenzake, umepata jibu. Tazama pia bilauri ya maji imewekwa upande gani. Mzee aliyepooza mkono wa kushoto ambaye maji yake yamewekwa kushoto atashinda na kiu mbele ya maji, na mwezi wa Februari au Machi hapa Mombasa, mzee asiyekunywa maji ya kutosha huchanganyikiwa zaidi, mkojo huwa mzito na maambukizi hufuata. Ukikuta bilauri zote ziko upande mzima wa mgonjwa, ujue mahali hapo pana mtu anayefikiri.

Kisha omba kuona daftari la zamu, karatasi ya kugeuzwa na karatasi ya dawa za jana, majina yakiwa yamefunikwa kwa heshima ya wenyewe. Usitake kuona fomu tupu. Kila nyumba inazo. Unatafuta saa zilizoandikwa na sahihi za watu tofauti. Karatasi iliyojazwa saa zote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kutoka magharibi hadi alfajiri, huenda ilijazwa asubuhi. Uliza ni lini mzee alianguka mara ya mwisho na walifanya nini. Nyumba itakayokujibu kwamba hapa haanguki mtu, mimi singeiamini, kwa kuwa wazee huanguka hata mikononi mwa watoto wao. Ile inayokumbuka siku, saa na hatua iliyochukuliwa baadaye ndiyo inayojifunza. Uliza pia kama wazee hupimwa uzito kila mwezi, maana mzee asiyelishwa vizuri hukonda polepole, na macho yanayomwona kila siku hayalitambui hilo.

Liko jambo la maji, ambalo sisi wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa. Shuka za wazee wanaojikojolea hufuliwa kila siku, na katika mji ambao mifereji hukauka kwa siku kadhaa na watu hununua maji ya boza au mitungi ya mkokoteni, nyumba isiyo na tangi kubwa itaanza kubana kwenye shuka na kuoga kabla haijabana jikoni. Uliza maji yao yanatoka wapi, kama ni ya kisima cha chumvi au ya mfereji, na tangi likijaa linatosha siku ngapi. Uliza pia kama kuna jenereta ya kuendesha mapanga boi umeme unapokatika.

Kuhusu vibali, kibao kilichotundikwa getini si ushahidi wa chochote. Omba cheti cha usajili, leseni ya biashara ya kaunti na vyeti vya afya vya wapishi, ambavyo hupaswa kufanywa upya kila miezi sita. Kumbuka kwamba Mtwapa iko kaunti ya Kilifi, kwa hiyo leseni na ukaguzi wake ni wa huko. Jina la muuguzi wanayemtaja lihakikishe kwa Baraza la Wauguzi la Kenya, kwa kuwa baadhi ya watu humwita muuguzi mtu yeyote aliyevaa sare.

Halafu kuna yale ambayo mtu wa nje angeyaita ya ziada, nami nayahesabu katika ubora kamili. Mama yako ataogeshwa na kubadilishwa na wanawake peke yao, hata usiku, hata mwanamke wa zamu akiwa likizoni? Atasaidiwa kutia udhu au kutayamamu, na kitanda chake kinaweza kuelekezwa kibla? Na kwa kuwa mambo haya husemwa mapema ili yasiumize baadaye: Mwenyezi Mungu akimchukua usiku, watampigia nani simu, na wanafahamu kwamba mtataka kumzika haraka bila mwili kupelekwa mochari pasipo idhini yenu? Mwandike hilo katika mkataba, kwa majina na namba za watu wawili.

Mama mkubwa nataka umsikilize kwa adabu, kwa sababu uchungu wake una chanzo. Katika Pwani yetu wapo wazee waliokimbilia makao ya hifadhi, kama yale ya Ganze huko Kilifi, baada ya kutuhumiwa uchawi na jamaa zao wenyewe, na kwa watu wengi nyumba ya wazee ni mahali pa aliyekataliwa. Aya aliyowasomea, nadhani ni ya 23 ya Surat Al-Israa, inaamrisha wema kwa wazazi na kukataza hata kuwaambia "ah" wanapofikia uzee. Mimi si sheikh, na swali la dhambi ulipeleke kwa imamu wenu, ukimweleza hali yote ikiwa ni pamoja na kwamba hulali. Ninachoweza kukuambia ni kwamba binti asiyelala kwa miezi mingi huja kumkemea mama yake saa tisa za usiku, na kulikwepa hilo nako ni kutimiza wema. Hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inapotaja haki ya wazee kuishi kwa heshima na kutunzwa, inaitaja familia pamoja na serikali. Haikumwachia binti mkubwa peke yake.

Habari ya nyumba za kanisa iacheni. Nyumba kama ile ya Kasarani, Nairobi, inayoendeshwa na masista wa Little Sisters of the Poor, ni kwa ajili ya wazee maskini, na mama mwenye watoto watatu wanaoweza kuchanga Sh80,000 hapaswi kuchukua kitanda cha asiye na mtu. Tena angekuwa mbali na kila anayemjua.

Kabla hamjaamua, linganisheni pia na njia ya tatu ambayo hukuiandika, pengine kwa sababu dada wa kazi aliondoka. Mtu mmoja kumtunza mama mchana na usiku hawezi, na huenda ndiyo maana yule hakudumu. Wahudumu wawili wa zamu, kwa kiwango cha chini cha mshahara wa kazi za nyumbani katika miji mikubwa kilichoanza Novemba 2024, yaani Sh16,113.75 kila mmoja, pamoja na mchango wako wa mwajiri wa NSSF, yaani akiba ya uzeeni, wa asilimia 6 na tozo ya serikali ya nyumba nafuu ya asilimia 1.5, ni kama Sh34,650. Ukiongeza nepi, mazoezi na dawa unafika karibu Sh65,150, na zilizobaki zitamlipa wa kushika zamu siku ya mapumziko ya wenzake, ambayo kisheria ni moja katika kila siku saba. Mwenye ujuzi wa kutunza waliopooza atataka zaidi ya kiwango hicho, na anastahili.

Maoni yangu ni haya. Bamburi, kwa jinsi ilivyo sasa, msiichague, hata kama mngeweza kuilipa kwa urahisi. Wakiweka mhudumu wa pili wa usiku na muuguzi, na wakaandika hivyo katika mkataba, mwende mkaangalie upya. Mtwapa naipenda zaidi, rangi iliyobanduka haimdhuru mgonjwa, lakini Sh101,500 hamnazo, na kumwingiza mama mahali ambapo baada ya miezi sita mtamtoa kwa deni ni kumtesa mara mbili. Umeandika bei ya chumba cha peke yake tu. Uliza ya chumba cha wawili. Mama aliyezoea nyumba za Kibokoni, ambamo mtu haishi bila sauti ya mwenzake, huenda akamhitaji jirani wa kitanda kuliko faragha. Ikiwa bei hiyo haizidi Sh70,000, muombe mwezi mmoja wa majaribio kabla ya kulipa amana kamili, na mwambieni mama ukweli kwamba ni majaribio, kisha baada ya mwezi mmwulize yeye. Ikizidi hapo, anzeni na wahudumu wawili wa zamu kwako Tudor, ukilala chumbani mwako, na mwendelee kuulizia nafasi. Siku ambayo atahitaji watu wawili kumnyanyua kila mara, au kumeza kutakapozidi kuwa kugumu, nyumba yenye muuguzi usiku ndiyo itakayomfaa.

Nusu ya fedha zenu inatoka Doha, kwenye mkataba wa kazi wa mtu mmoja. Wekeni akiba ya miezi mitatu kabla ya mama kuhama, na mkubaliane kwa maandishi kila mmoja atatoa kiasi gani na tarehe ipi. Ndugu yako wa Likoni, ambaye mchango wake wa fedha ni mdogo, apewe kazi ya kuzuru bila taarifa, hasa baada ya isha zamu ya usiku ikiwa imeingia, akague visigino vya mama na bilauri yake, kisha awaandikie nyote alichokiona.